Kiyoyozi cha inverta: kasi ya mota hubadilikaje, na umeme huokolewa wapi hasa?

Swali: Chumba changu cha kulala kina ukubwa wa mita tatu na nusu kwa nne na kina kiyoyozi cha zamani cha BTU 12,000. Kila kinapowaka, taa za nyumba nzima hufifia kidogo, na uniti za LUKU zinakwisha haraka. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishauri ninunue cha inverta. Anasema mota ikizunguka kwa nusu ya kasi yake hutumia moja ya nane tu ya umeme. Je, ni kweli? Na mota inawezaje kubadili kasi ilhali umeme unaoingia nyumbani ni uleule? Nasita pia kwa sababu inverta ya jirani yangu iliungua bodi kabla haijatimiza mwaka. (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Jibu: Ndugu msomaji, muuzaji amekuambia jambo la kweli mahali pasipo pake. Kanuni ya moja ya nane ipo, na ni ya fizikia, lakini inahusu feni na pampu za maji; haihusu kompresa, na kompresa ndiyo inayokula sehemu kubwa kabisa ya umeme wa kiyoyozi. Hata hivyo kiyoyozi cha inverta, yaani chenye bodi ya kielektroniki inayobadili kasi ya mota ya kompresa, huokoa umeme kwelikweli kikifungwa mahali panapokifaa, ila kwa sababu nyingine, ambayo ni vyema uielewe kabla hujatoa fedha zako, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama wewe utaokoa au hutaokoa.

Tuanze na kiyoyozi ulicho nacho. Katika sehemu yake ya nje kuna kompresa, yaani chombo cha chuma kilichofungwa kabisa, ambacho ndani yake mna mota na pampu ya gesi vikiwa kwenye mhimili mmoja. Umeme wa TANESCO ni mkondo geu wenye masafa ya hezi 50, maana yake mawimbi 50 kwa kila sekunde, na kasi ya mota ya aina hiyo imefungwa na masafa hayo: mota yenye jozi moja ya ncha za sumaku hufuata uga wa sumaku unaozunguka mara 3,000 kwa dakika, yenyewe ikibaki nyuma kidogo, kwenye mizunguko 2,850 au 2,900 hivi. Haina kasi nyingine. Chumba kikiwa na joto la saa tisa alasiri huzunguka hivyo, na kikibakiza nusu nyuzi tu kufikia kiwango ulichoweka huzunguka hivyohivyo. Kiwango kikifikiwa, kompresa hukatiwa umeme. Joto likipanda nyuzi moja au mbili, huwashwa tena. Kila inapowashwa, mota iliyosimama huvuta kwa muda mfupi mno mkondo mkubwa mara tano au zaidi kuliko ule wa kawaida, na hapo ndipo taa zako hufifia.

Mota ya inverta haiunganishwi kamwe moja kwa moja na umeme wa nje. Kwanza bodi iliyo katika sehemu ya nje huondoa kabisa yale mawimbi 50: diodi huelekeza mkondo wote upande mmoja, kisha kapasita kubwa husawazisha mabonde na vilele, na kinachobaki ni mkondo nyoofu wa volti 325 hivi, kwa kuwa hicho ndicho kilele cha umeme tunaouita wa volti 230. Bodi nyingi huupandisha zaidi kidogo. Baada ya hapo hufuata transista sita, yaani swichi za kielektroniki, zilizopangwa jozi tatu, kila jozi ikilisha waya mmoja kati ya waya tatu za mota. Transista hizo hufunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde. Zikikaa zikipitisha umeme muda mrefu kidogo, volti ya wastani huwa kubwa. Zikikaa muda mfupi, huwa ndogo. Na kwa kurefusha na kufupisha muda huo kwa mpangilio, bodi huunda mawimbi mapya matatu yanayofuatana kwa tofauti ya theluthi ya mzunguko. Vipandevipande hivyo havionekani na mota, kwa sababu nyaya zilizosokotwa ndani yake hukataa mabadiliko ya ghafla ya mkondo na kuvilainisha.

Masafa ya mawimbi hayo mapya huchaguliwa na bodi yenyewe, wala si TANESCO. Kwa mota yenye jozi mbili za ncha, hezi 30 ni mizunguko 900 kwa dakika, na hezi 200 ni mizunguko 6,000. Kati ya hapo kasi yoyote inawezekana. Volti nayo hupanda na kushuka pamoja na masafa, kwa kuwa mota za kompresa za siku hizi zina sumaku za kudumu kwenye rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, na sumaku zinazozunguka huzalisha volti yake inayopingana na ile ya bodi. Rota ikienda polepole upinzani huo huwa mdogo, na volti kamili ingesukuma mkondo wa kuunguza nyaya. Ili kuwasha transista zinazostahili kwa wakati unaostahili, bodi hulazimika kujua rota imeelekea wapi kila wakati, lakini haiwezi kuwekewa sensa ndani ya kompresa iliyojaa mafuta na gesi ya moto. Kwa hiyo hupima mkondo wa nyaya za mota na kupiga hesabu ya mahali rota ilipo, bila kupumzika, tangu kiyoyozi kinapowaka hadi kinapozimwa. Huanza kwa kuinyoosha rota mahali pamoja, kisha huipandisha kasi taratibu. Ule mvuto mkubwa wa mwanzo haupo, na taa zako hazitafifia tena. Teknolojia hii si ngeni: Toshiba ya Japani ilitoa kiyoyozi cha nyumbani cha aina hii mwaka 1981.

Sasa tuje kwenye moja ya nane. Feni ikipunguzwa kasi hadi nusu, hewa inayopita huwa nusu, na presha inayohitajika kuisukuma hewa hiyo huwa robo, kwa sababu presha hufuata mraba wa kasi. Nguvu ni hewa mara presha, na nusu ya robo ni moja ya nane. Hata kupunguza kidogo kuna faida kubwa: kwa asilimia 80 ya kasi, nguvu hushuka hadi asilimia 51. Mahali pake hasa ni majengo makubwa, yaani hoteli, hospitali na maofisi yanayopoozwa kwa maji baridi, ambako kwa miaka mingi feni na pampu zilizunguka kwa kasi kamili huku vali na vizibo vya hewa vikibana njia ili kupunguza mtiririko, na nguvu iliyozuiwa ikiteketea bure. Kama ungekuwa meneja wa hoteli ningekuambia uanzie kwenye pampu na feni hizo kabla ya kuigusa kompresa. Hata huko kanuni ina mipaka: pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa lazima ishinde kimo kilekile kwa kasi yoyote, na haitakupa moja ya nane. Kwako wewe, feni ya ndani ya kiyoyozi cha chumba hutumia wati 20 hadi 40 tu, na hata ukiokoa saba ya nane za hizo hutaziona kwenye mita.

Kompresa ni mashine ya namna nyingine. Kila mzunguko mmoja humeza kiasi kilekile cha gesi, kwa hiyo nusu ya kasi ni nusu ya gesi na takriban nusu ya ubaridi; na kama presha za pande zote mbili zingebaki zilezile, umeme nao ungekuwa nusu, si moja ya nane. Usomapo hivyo utaona kwamba, kwa hesabu hiyo pekee, usingepata faida yoyote: nusu ya ubaridi kwa nusu ya umeme, kwa muda maradufu. Faida inatoka kwenye presha, ambazo hazibaki zilezile. Fikiria pampu ya baiskeli: idadi ya mapigo ikiwa ileile, kinachokuchosha ni ugumu wa tairi unalolijaza. Kompresa nayo husukuma gesi kutoka koili (mabomba yaliyokunjwakunjwa) ya ndani yenye presha ndogo kwenda koili ya nje yenye presha kubwa, na koili hizo zimetengenezwa kwa ajili ya uwezo wote wa mashine. Gesi inapopita nusu, kila koili inabaki na eneo kubwa kuliko kazi yake: ya nje hutoa joto kwa urahisi bila kuhitaji kuwa ya moto sana, na ya ndani hufyonza joto bila kuhitaji kuwa ya baridi sana.

Tuseme nje kuna nyuzi 32. Kwa kasi kamili gesi inaweza kuwa inageuka kimiminika kwenye nyuzi 48 nje na kuchemka kwenye nyuzi 8 ndani, yaani kompresa lazima ipandishe joto kwa pengo la nyuzi 40. Kwa nusu ya kasi, nyuzi hizo zaweza kuwa 40 na 13, pengo la nyuzi 27. Kazi inayofanywa kwa kila kilo ya gesi hupungua kwa kadiri inayokaribiana na pengo hilo. Hapo ndipo umeme wako unapookolewa. Kuna nyongeza ndogo mbili: mota yenye sumaku za kudumu hupoteza nguvu kidogo kuliko ile ya zamani, na kompresa haipotezi tena dakika za mwanzo wa kila kuwashwa, ambapo presha zinajengwa upya na ubaridi bado haujafika. Kwa upande wa hasara, bodi yenyewe hula asilimia chache za umeme kwa kuugeuza mara mbili.

Kwa hesabu ya mfano, kiyoyozi cha BTU 12,000 kina uwezo wa kilowati 3.5 za kupooza. Tuseme usiku chumba chako kinahitaji asilimia 60 ya uwezo huo. Cha zamani kinachovuta kilowati 1.1 kitakuwa kimewaka asilimia 60 ya muda, na kwa saa nane kitatumia uniti 5.3 hivi. Cha inverta kinachotoa ubaridi huohuo bila kukatika, kwa ufanisi wa 4.5, yaani kilowati 4.5 za ubaridi kwa kila kilowati moja ya umeme, kitavuta wastani wa kilowati 0.47, yaani uniti 3.7. Tofauti ni uniti moja na nusu kwa usiku, kama asilimia 30. Kwa mwezi ni uniti 46 hivi. Zidisha kwa bei unayolipa kwa uniti, kisha linganisha na tofauti ya bei dukani.

Zingatia, lakini, kwamba faida yote hiyo imesimama juu ya sharti moja: mashine ipate nafasi ya kupunguza kasi na kukaa hapo kwa saa nyingi. Sharti hilo huvunjwa kila siku na watu wenye viyoyozi vizuri. Anayeweka rimoti kwenye nyuzi 16 akitumaini chumba kitapoa haraka ameiambia bodi kwamba kazi haijaisha, na katika joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari chumba hakitafika 16 hadi alfajiri. Kompresa itazunguka kwa kasi ya juu usiku kucha, na kwa kasi ya juu inverta haina ubora mkubwa juu ya mashine ya kawaida, pengine ikawa mbaya zaidi kwa sababu koili zimezidiwa. Weka 25 au 26. Madirisha ya luva yasiyofungika sawasawa yana athari hiyohiyo, kwa kuwa hewa ya nje huingia na joto lake na unyevu wake. Kichujio kilichojaa vumbi huipunguzia koili ya ndani hewa, na lile pengo la nyuzi hurudi kupanuka.

Kosa la upande wa pili ni kununua mashine kubwa kupita kiasi, na ndilo ninaloliona mara nyingi kwa watu wenye uwezo. Kompresa haiwezi kushuka chini ya kasi fulani bila kutetemeka na kukosa ulainishaji. Chumba kikihitaji ubaridi mdogo kuliko ule wa kasi ya chini kabisa, inverta nayo huanza kuwaka na kuzima kama ile uliyoikimbia. Kwa chumba cha mita za mraba 14 chenye dari na kisichopigwa na jua la magharibi, BTU 9,000 mara nyingi zinatosha. Kama ukuta wa magharibi hupigwa na jua alasiri yote, 12,000 ni sawa.

Pwani yetu ina jambo la ziada, nalo ni unyevu. Hewa huacha maji yake kwenye koili pale tu koili inapokuwa na ubaridi ulio chini ya kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, na kwa kasi ndogo koili huwa vuguvugu kidogo. Ndiyo maana baadhi ya watu hulalamika kwamba inverta inapoza lakini shuka zinabaki na unyevunyevu. Tumia hali ya kukausha hewa iliyo kwenye rimoti, au punguza kasi ya feni ya ndani: hewa ikipita polepole, koili huzidi kuwa baridi na maji hutoka. Mashine ya zamani nayo si salama kwa hili, kwani kompresa inapokatika huku feni ikiendelea, maji yaliyo kwenye koili hurudishwa chumbani.

Huenda pia ukasikia, katikati ya usiku mtulivu, sehemu ya nje ikinguruma kwa dakika chache kisha ikatulia bila sababu. Mara nyingi si ubovu. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, na mtiririko ukiwa mdogo kwa muda mrefu hubaki njiani kwenye mabomba. Bodi huongeza kasi makusudi ili kuyarudisha.

Kwa ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambako Juni na Julai shida ni baridi, mashine hizihizi zikiwa na vali ya kugeuza mtiririko hupasha joto chumba kwa kufyonza joto la hewa ya nje, na kwa umeme mdogo sana kuliko hita ya waya. Maelezo ya kasi na presha ni yaleyale.

Nibakie na bodi ya jirani yako. Siwezi kujua kilichoiunguza bila kuifungua, ila sababu za kawaida ninazijua. Ya kwanza ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika; kapasita na transista hazivumilii volti kubwa hata kwa muda mfupi. Kifaa cha kulinda kiyoyozi, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, ni gharama ndogo ukilinganisha na bodi, lakini kiwe cha mkondo unaotosha mashine yako. Ya pili ni mijusi na sisimizi. Bodi ya nje ina uvuguvugu usiku, na mjusi akipita kati ya nukta mbili zenye volti 300 huungua yeye na transista pamoja. Nimefungua masanduku mengi na kumkuta amekauka palepale. Mwambie fundi azibe tundu la kupitishia nyaya kwa silikoni, bila kuziba matundu ya kupoozea. Ya tatu ni hewa ya chumvi kwa wakaao karibu na bahari, ambayo hula njia za shaba za bodi zisizopakwa dawa ya kuzikinga.

Sababu ya nne ni fundi mwenyewe. Kuna desturi ya zamani ya kupima kompresa kwa kuiunga moja kwa moja na umeme kupitia kapasita. Kwenye kompresa ya inverta kitendo hicho huunguza nyaya au kuharibu sumaku za rota, na kompresa nzima hutupwa. Kipimo sahihi ni cha ukinzani: waya tatu zilizoandikwa U, V na W zipimwe mbilimbili, na namba zote tatu zilingane, kwa kawaida zikiwa ohmu moja hivi au chini yake; kisha kila waya upimwe dhidi ya bomba la shaba, na pasiwe na njia kabisa. Kabla ya hapo azime umeme na kusubiri dakika kadhaa, apime kapasita na kuhakikisha zimeisha chaji, kwa kuwa hubaki na volti za kuua mtu hata swichi ikiwa imezimwa. Vilevile asiongeze gesi kwa kutazama geji tu, kwa sababu presha hubadilika kila kasi inapobadilika na itamdanganya. Gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Ukimwona fundi hana mizani, mtafute mwingine.

Ukienda dukani, basi, usiulize tu kama ni inverta. Soma kibandiko cha pembeni mwa sehemu ya nje. Penye uwezo wa kupooza pataandikwa namba moja kubwa na pengine nyingine mbili kwenye mabano, kwa mfano kilowati 2.6 na mabano ya 0.8 hadi 3.2. Namba ndogo ndiyo inayokuhusu zaidi, kwa maana ndiyo inayoonyesha mashine inaweza kushuka hadi wapi bila kuzima, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo utakavyokaa muda mrefu kwenye ile kasi ya chini yenye faida. Isipoandikwa kwenye kibandiko, mwombe muuzaji akuonyeshe kwenye kitabu cha mashine. Uliza pia kama bodi yake hupatikana hapa mjini na kwa bei gani, na kama bodi ya nje imepakwa kinga ya unyevu. Na kama chumba hicho hukitumia kwa saa moja au mbili tu kabla ya kulala, kisha ukazima na kufungua madirisha, basi baki na kiyoyozi ulicho nacho, kisafishwe koili zote mbili, na lile suala la taa kufifia mwite fundi umeme akague kama waya unaokilisha kiyoyozi una unene wa kutosha na kama viungo vyake vimekazwa.